Mwalimu Aliyeacha Kungoja Radi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiebrania. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mbili. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha Maandiko ya Kiebrania katika chuo cha wahubiri, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Tulimwita Bi Hukumu. Ukichelewa darasani, alikutazama juu ya miwani: "Na siku ya hukumu utakuja saa ngapi?"

Tulicheka. Hatukujua alichobeba.

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Asubuhi moja, jengo la ghorofa alimokuwa akishonea liliporomoka. Walikufa watu saba, mdogo wake akiwa mmoja wao. Nguzo zilikuwa na nondo pungufu. Lakini mkandarasi aliisingizia mvua, na kesi ikafa kifo cha kawaida.

Majirani walimfariji: "Mungu si Athumani, utaona." Naye akangoja kuona. Binti wa huyo mdogo wake, aliyelelewa na mwalimu, anasema: "Mama Mkubwa aliwasoma manabii kama mtu anayetafuta anwani. Alitaka kujua radi ya Mungu itawapiga lini wale wajenzi."

Wasikilizaji wapendwa, miaka tisa ikapita bila radi.

Ndipo mzee mmoja akajiunga na darasa la alasiri, lile lililokuwa wazi kwa kila mtu. Alikuwa fundi mwashi, viganja vimepasuka kwa saruji. Alikaa nyuma muhula mzima. Siku moja, baada ya somo kuhusu hukumu ya wanaowakanyaga maskini, akabaki.

"Mwalimu," alisema, "zile nguzo nilizimimina mimi. Nilijua nondo hazitoshi. Niliambiwa nifunge mdomo, nikaufunga."

Mwalimu alishika meza. "Toka," akamwambia.

Siku tatu hakufundisha. Binti yule aliyemlea alimkuta jikoni, Maandiko wazi mezani, sufuria inaungua. "Mwanangu," alimwambia, "miaka yote hii natafuta Mungu atampiga nani. Sikutazama anamtetea nani."

Baadaye alitufundisha hivyo. Kwa Kiebrania, alisema, kuhukumu si kuadhibu tu. Ni kumsimamia mjane na yatima. Ni kunyoosha kilichopindishwa.

Siku ya nne alimwita fundi. "Sijakusamehe. Moyo wangu haujafika huko. Ila niambie, mkandarasi yule alijenga wapi kwingine?"

Fundi akataja majengo matatu. Moja lilikuwa shule ya msingi.

"Basi hapo ndipo tunapohukumiwa leo, wewe na mimi. Twende."

Walikwenda kwa miguu hadi ofisi ya wahandisi wa mji, kisha polisi. Fundi akaeleza yote, akijua atafungwa. Mkandarasi alituma watu wawili chuoni kumtisha mwalimu. Akawapa viti, akawauliza kama wamekuja kujiandikisha.

Wahandisi walipima nguzo, wakaifunga shule. Watoto mia nne na kumi wakahamishwa. Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, saa ya masomo, ghorofa ya juu iliangukia ya chini. Narudia, wasikilizaji: ilianguka saa ya masomo, na hakufa mtu. Hata mmoja.

Mkandarasi alifungwa. Fundi naye alifungwa. Kila mwezi mwalimu alikwenda gerezani na kitabu chake. Fundi, ambaye sasa yuko huru, ametuambia: "Mwaka wa pili ndipo aliposema, 'Nimekusamehe.' Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Kisha akaniambia, 'Haya, soma. Tuliishia mstari wa nane.'"

Juzi mazikoni nilihesabu wageni nisiowajua, nikachoka. Walikuwa watu wazima, wengine na watoto mgongoni. Nilimuuliza mmoja anamjuaje marehemu. "Simjui," akanijibu. "Nilikuwa darasa la tatu siku ile."

Kwa binti aliyemlea, na kwa ukoo mzima: poleni sana. Na asanteni. Mlitugawia mama yenu, tukafaidi wengi.

Nasi tuliobaki, tujiulize jambo moja. Ni rahisi kusema, "Namwachia Mungu." Lakini wewe unayenisikiliza sasa, kuna ukuta gani unaoujua kuwa ni mbovu, na bado hujasema?