Saa Tisa, Mikono Mitupu

Benchi la mbele ya kinyozi Luan, pale Xiaopu, kijiji cha pembeni mwa Beijing, lina wenyewe wawili watatu, na kila mmoja huja na chupa yake ya chai. Luan hutoa maji ya moto na umbea. Asubuhi hiyo Qiao Wenlu alifika uso umemshuka, na kabla hajakaa wakaanza kumchimba. Akasema: ofisi ya kukagua filamu imempigia simu. Aende leo saa tisa alasiri, asibebe karatasi yoyote.

Qiao ni mtayarishaji wa filamu asiye na kampuni nyuma yake wala mjomba serikalini. Kwa miaka kumi na saba ametoa filamu nane, zote zikapigiwa makofi ng'ambo na kurudi sandukuni. Ya tisa, ya wachimba makaa wastaafu wa mkoa wa Shanxi, alitaka ionyeshwe nyumbani. Ilikuwa na miezi saba pale ofisini, ikingoja ule muhuri wa joka ambao bila huo hakuna jumba la sinema litakalokufungulia mlango.

Luan, waliyemwita Mkasi, hakuona shida.

— Hamna karatasi, maana yake wameshagonga muhuri. Nenda kachukue, Dada Qiao, urudi na maandazi.

— Wewe nyoa tu, akasema Mzee Geng, jina la kijiweni Taa, maana alizunguka vijijini na mashine ya sinema miaka thelathini. — Kibali huja kwa barua. Ukiitwa mikono mitupu, wanataka useme.

— Aseme nini?

— Anajua mwenyewe.

Chai ikamuunguza Qiao ulimi. Alijua, tena vizuri. Mwezi uliopita karani wa ile ofisi alimwambia hakuna tatizo kubwa, naye kwa pupa akaituma filamu kwenye tamasha la nje kabla ya muhuri. Mtayarishaji yeyote wa Beijing anajua kwamba hilo, kwa filamu iliyo bado mezani pa wakaguzi, linaweza kukufungia kazi miaka mitano, na filamu ikaozea kabatini. Pale benchini hakuwa amemweleza mtu yeyote. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele yao.

Wao wakazidi kupamba moto. Taa akadai mkuu wa ofisi ni mtu wa Shanxi, amemwona babake ndani ya filamu, analia hadi leo. Mkasi akakataa katakata.

— Wamehesabu vikohozi. Kila kikohozi cha mchimba makaa ni lawama. Vikizidi mia, umekwisha.

— Basi watamwambia aipige filamu upya, wazee waimbe, mapafu yamepona.

— Na wacheze!

Wakacheka. Qiao alicheka nao huku akitazama saa: saa tano na nusu.

Hapo akatokea mzee mwembamba, kabeba chupa mbili za siki ya kwao, akikohoa kwa adabu nyuma ya kiganja. Alikuwa Hou Genwang, mchimba makaa mwenyewe, aliyebeba filamu nzima mabegani. Alikuwa amepanda treni tangu alfajiri kuja kuuliza siku ya kuonyeshwa, na Qiao akamjibu kwamba ataijua leo jioni. Mzee akaridhika. Akapewa nafasi katikati na chai ya Mkasi.

— Hawa ni watu wako, Bi Qiao?

— Miaka tisa tunakaa hapa, Mzee Hou.

— Afadhali. Kule nyumbani wananiuliza huyu mama niliyemfanyia kazi hutengeneza sinema za namna gani, mimi sina la kuwaambia. Mzee Hou akawageukia wale wawili kwa heshima. — Ninyi mnaoishi naye, katika zile nyingine, mliipenda ipi?

Mkasi akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Taa, aliyewaonyesha watu wa vijiji sinema miaka thelathini, akainama kutafuta kifuniko cha chupa yake ya chai.

Qiao alisubiri mmoja wao ataje hata jina. Mzee Hou naye alisubiri, anatabasamu, akidhani wanachagua.