Biskuti za Panya wa Hodaka

Treni ya kwenda Osaka ilikuwa imeshatoka Ibaraki, nami nimebanwa dirishani, kijana mmoja alipoanza kumlalamikia msichana aliyekaa naye.

"Nimechukua virusi, nikavivua makali, nikavibebesha jeni ya homoni ya njaa, nikawadunga panya wangu ili wale zaidi. Kundi la pili, la kulinganishia, nikalidunga virusi vitupu. Sasa hao wa vitupu ndio wamenenepa!"

"Pengine umegundua jambo, Hodaka."

"Ndivyo nilivyomwandikia profesa! Kaita idara nzima nikaeleze leo."

Msichana akatazama viatu vyake. "Hao wa vitupu niliwapa biskuti za mchele."

"Chinami! Uliwapa nini?"

"Nikija kukusubiri maabara, naona wenzao wanakula kutwa, wao wananikodolea macho tu. Mimi mtu wa Osaka bwana, kwetu mkoba haukosi kitu cha kugawa. Mtu akinitazama hivyo, mkono unaingia mkobani wenyewe."

"Ni panya!"

"Kwani panya hawana macho?"

Hoja hiyo hata mimi niliiona nzito.

"Utamwambia profesa mwenyewe," Hodaka alisema.

"Panya ni wako, mwambie wewe."

"Na biskuti za nani?"

Chinami akampa peremende. Akaipokea, maana huku peremende hatukatai, akaendelea kufoka shavu limevimba. Nami nikapewa yangu, bila hata kuulizwa.

Treni ikasimama Suita. Hodaka alishuka, Chinami akamfuata, wakawa bado wanabishana nani atangulie kuingia kwa profesa. Mimi niliendelea hadi Osaka. Panya, nadhani, walikuwa wanamsubiri Chinami.