Salamu Ndefu za Nesi Milembe

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi moja pale Sapiwi, Kija alikuwa anafagia uwanja kama kawaida yake. Hajafika kwenye banda la kuku, mkono wake ukadakwa.

"Mwangaluka, mayu!"

Alikuwa Nesi Milembe wa zahanati, akimwamkia kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama. Ndiye tunayemkumbuka leo. Nesi Milembe ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Salamu za Kisukuma ni ndefu, lakini za Nesi Milembe zilizidi. Aliulizia nyumba, ng'ombe, pamba, huku vidole vyake vimetulia kwenye kifundo cha mkono wako. Alikuwa anahesabu mapigo ya moyo. Wenye haraka walimkwepa, wakazunguka njia ya mtoni.

Siku ile ng'ombe wakaisha, mbuzi wakaisha, akaanza kuulizia kuku.

"Hawajambo, nesi," Kija akasema. "Ila yule mwekundu anataga kwa jirani."

Nesi hakucheka. Mapigo mia na thelathini na sita kwa dakika, na Kija amesimama tu! Jasho linamtoka, vidole vinatetemeka. Mimba ya miezi mitatu, tumbo la miezi mitano.

Mama mkwe wake, Benedikta, akatokea jikoni. "Mapacha hao! Moyo wa watu watatu utaachaje kukimbia?"

"Huyu anakwenda hospitali ya Bariadi leo," nesi akasema.

"Una wivu. Mbuzi wako hajawahi kuzaa hata mmoja."

"Mbuzi wangu ni dume, Benedikta."

Wakaenda kwa bodaboda mbili, wazee wakigombana toka pikipiki moja hadi nyingine.

Hospitalini ikajulikana: mimba zabibu. Ndani hamkuwa na mtoto, mlikuwa na vifuko vya maji kama zabibu. Mimba hiyo humwaga homoni nyingi mno, nayo huichochea tezi ya shingo ifanye kazi kupita kiasi. Damu ilipimwa pia, kwani wakati mwingine ni kinga ya mwili, askari wake wenyewe, inayoigeukia tezi. Kwa Kija haikuwa hivyo. Ilikuwa mimba. Wangechelewa, moyo ungeweza kushindwa.

Akatulizwa moyo kwa dawa, akasafishwa kizazi, akafuatiliwa kwa vipimo mwaka mzima. Kija alipona.

Lakini Benedikta alilia koridoni mpaka mlinzi akaja. Kija akamsikia, akajiambia: analilia mapacha wake. Miaka kumi na moja wakapikiana ugali bila kuligusa jambo hilo.

Kwa watoto wa Nesi Milembe, na kwa Sapiwi nzima, poleni sana. Nasi tujiulize: mjamzito wa nyumbani kwetu, tunamtazama yeye, au tunatazama tumbo tu?

Jumamosi, makaburini, Benedikta alisimama kumshukuru marehemu. Katikati ya maneno akamgeukia mkwe wake. Katekista Joakim akamnong'oneza kwamba muda umekwisha.

"Nyamaza, Joakim. Hili limechelewa miaka kumi na moja." Akavuta pumzi. "Kija, siku ile sikulilia mapacha. Nilikuwa nakulilia wewe."