Mama Simu na Programu Iliyonuna

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuandika programu za simu, mwenzetu tunayemwita Mama Simu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Aliajiriwa simu zikiwa bado na vitufe, na mwenyewe husema alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyefika kwenye usaili na chaja.

Kazi yake ni ile ambayo mtumiaji huiona pale tu inapoharibika: programu ifanye nini simu inapoingia. Inyamaze simu ikilia, isubiri watu wazungumze, kisha iendelee pale ilipoishia.

Kila mgeni wa idara hii amesimuliwa naye, huku akijicheka mpaka machozi, habari za programu ya wakunga. Iliwasomea kwa sauti hatua za kumhudumia mzazi, ili mikono ibaki huru. Mama Simu aliijaribu kwa kupiga na kupokea, kupiga na kupokea, akaipitisha kwa mbwembwe.

Siku moja, katika zahanati, mkunga alikuwa na mzazi kitandani, mtoto anakuja na damu inatoka nyingi kuliko kawaida. Shemeji ya mkunga akapiga simu. Mkunga akaikata simu bila kupokea. Programu ikanyamaza na kubaki kimya, ikisubiri mwisho wa mazungumzo ambayo hayakuanza.

Mkunga alimaliza kwa uzoefu wake, kisha akapiga ofisini.

"Mtoto mzima, mama mzima," alisema. "Ila programu yenu bado imenuna."

Siku hiyo Mama Simu hakucheka. Alikwenda mwenyewe zahanati kuomba radhi, akaketi na wakunga wakamwonyesha wanavyokata simu: kwa kiwiko, kwa kifundo cha kidole, hata kwa kidevu. Aliporudi aliandika upya sehemu yote, kisha akamwomba mumewe, fundi cherehani, ampigie mfululizo. Kila simu akaikata. Alichosahau ni kumweleza sababu. Jioni mzee alitokea mapokezi, futi ya kupimia nguo bado shingoni.

"Mke wangu, nimekukosea nini?"

Tulicheka sote, yeye akiwa wa kwanza.

Tangu hapo programu haijanuna, na sasa inatumika katika zahanati nyingi. Simu ikikatika, hurudia sentensi ya mwisho kabla ya kuendelea. Wazo hilo, Mama Simu husisitiza, lilikuwa la mkunga. Yeye alichangia kosa tu.

Mwezi uliopita mkurugenzi alimsihi aongeze mwaka mmoja. "Niacheni niondoke mkiwa bado mnanihitaji," akajibu. "Mkishanichoka, hafla ya kuniaga itakuwa ya soda moja."

Asante, mama, kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kiti ambacho vijana wameanza kukigombania kabla hujanyanyuka. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na furaha tele. Sisi tutakukumbuka kila siku, hasa siku tutakazoharibu.