Mama wa Mtoto Asiyelizwa: Agatha Kornelio Mlewa (1972–2025)

Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Domina, ambaye ndiye anayeusoma. Kwa kuwa desturi ya wasifu haina "mimi", naye atatajwa humu kwa jina kama wengine. Mama mdogo Naomi alishauri baadhi ya mambo yatolewe. Hayakutolewa, kwa sababu marehemu alichukia sifa za uongo msibani kuliko alivyochukia wali mbichi.

Agatha Kornelio Mlewa alizaliwa kijijini Chanzuru, Kilosa, tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Kornelio Mlewa, mkulima wa mpunga na mahindi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Chanzuru kuanzia 1980 hadi 1986. Mwalimu wake alitaka aendelee, baba yake akaona heri aendelee na jembe. Hakuendelea na lolote kati ya hayo mawili. Alikwenda kwa masista kujifunza ushonaji, na kufikia 1990 sare nyingi za wanafunzi wa Kilosa mjini zilikuwa zimepita kwenye cherehani yake.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Frank Kondo, fundi mwashi, wakapanga chumba mtaa wa Mabwerebwere, Kilosa. Misa ilichelewa saa nzima, kwa sababu suruali ya bwana harusi ilikuwa bado kwenye cherehani ya bibi harusi, na bibi harusi hakukubali itoke bila pindo.

Mwaka 1997 alizaliwa Domina, na mtaa mzima ukamwita marehemu Mama Domina, kama ilivyo ada. Mwaka 2002 akazaliwa Kornelio, mwenye jina la babu. Alikuwa na miezi minne midomo yake ilipoanza kuwa ya bluu kila alipolia. Alipoanza kutembea alipiga hatua chache, kisha akachuchumaa na kuhema. Madaktari wa Dar es Salaam walisema alizaliwa na tundu kwenye moyo, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni ni mwembamba. Angepasuliwa akikua kidogo. Mpaka hapo asikimbizwe, asishtuliwe, na zaidi ya yote asilizwe.

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba. Kornelio akitaka kikombe cha Domina, alipewa. Akichana daftari la Domina, aliyeulizwa ni Domina: aliliacha wazi kwa nini? Jirani yao, Bi Mwanakheri, aliona hayo akashindwa kunyamaza.

"Mama Domina, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Wangu akilia anabadilika rangi, Bi Mwanakheri," marehemu alimjibu. "Acha nilie mimi."

Pole pole hata jina likahama. Kliniki walimwita Mama Kornelio, kanisani wakafuata, kisha mtaa. Domina alikuwa hai, mzima, ana meno yote, na mama yake akawa anaitwa kwa jina la mdogo wake. Domina aliona wivu. Si wivu wa kupita. Aliulalia na kuamka nao.

Siku moja, akiwa na miaka minane, alitafuna kalamu ya wino mpaka midomo ikawa ya bluu, akajilaza mkekani na kusema moyo unamuuma. Marehemu aliacha cherehani, akainama, akamtazama. Kisha akafunga kanga, akambeba mgongoni lile jitu zima la darasa la pili, akatembea naye hadi zahanati. Watu walicheka njia nzima. Mlangoni pa zahanati aligeuka, akarudi kwa kupitia sokoni, hakumshusha mpaka nyumbani. Baadaye Domina alimuuliza aligunduaje.

"Wino ulikuwa mpaka kwenye meno, mwanangu," alisema. "Ila nilikuwa sijakubeba siku nyingi."

Mwaka 2006 familia ilihamia Mikumi, kwa kuwa mabasi ya Dar es Salaam yanapita barabarani pale na mgonjwa hasubirishwi. Marehemu aliacha ushonaji akawa mama lishe, akiwapikia madereva wa malori wali maharage, huku fimbo ya kufukuzia nyani iko karibu na mwiko. Domina aliachwa Chanzuru kwa bibi yake ili amalize shule. Ilisemwa ni kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka mitano.

Agosti 2011 Kornelio alipasuliwa Dar es Salaam, na Mungu akasaidia. Domina alishukuru kwa moyo wote. Pia alifikiri kwamba sasa ni zamu yake. Zamu haikuja, maana baada ya upasuaji palikuwa na kidonda, baada ya kidonda dawa, na baada ya dawa palikuwa na woga, ambao hauna tarehe ya kupona. Kornelio akawa kijana mwenye ndevu, fundi simu hodari hapo Mikumi, na bado alitafutwa na mama yake kila mvua ilipomkuta nje.

Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alimpigia Domina simu, akamwambia asimwambie mtu ila baba, na Kornelio asijue kabisa, kwa ajili ya moyo wake. Kornelio aliambiwa mama anakwenda kliniki ya macho. Kwa karibu miaka miwili, kila tarehe ya matibabu, Domina alitoka Kilosa anakoishi, akamchukua mama yake Mikumi, wakapanda basi la Dar es Salaam wawili tu. Njiani marehemu alisimulia: habari za masista, za suruali ya harusi, za mchumba wa kwanza ambaye mzee Frank anamsikia leo kwa mara ya kwanza. Ni vibaya kusema hivi mbele ya jeneza, lakini ilikuwa miaka mizuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo Domina. Mama yake alikuwa anakufa, naye alikuwa anafaidi.

Tarehe 12 Januari 2025 Kornelio alitafuta kadi ya bima kwenye mkoba wa mama, akakuta vyeti vya hospitali. Hakuzimia. Alitoka uani, akamkuta dada yake, aliyekuja kumchukua mama, akifua.

"Dada, mmenifanya yai," alisema. "Mimi mama hajawahi kunisimulia kitu. Kila siku ni 'umemeza dawa? umevaa sweta?' Wewe amekupa maisha yake yote kwenye basi. Unajua ninavyokuonea wivu?"

Domina alikuwa ameingojea kauli hiyo tangu utotoni. Ilipofika haikuwa na utamu wowote. Alikaa chini na povu mikononi.

Agatha Kornelio Mlewa alifariki dunia nyumbani kwake Mikumi, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, wanawe wote wawili wakiwa kando yake. Ameacha mume, Frank Kondo. Watoto wawili, Domina na Kornelio. Mdogo wake Naomi na ndugu wengine wanne. Na mama yake mzazi wa Chanzuru, ambaye hakupaswa kumzika mtoto.

Jana Kornelio alisoma karatasi hizi kabla hazijapelekwa kuchapwa. Mengi humu alikuwa hayajui. Alimwomba dada yake amsimulie na yale ambayo hayakuandikwa, na Domina amekubali kumsimulia yote, akianza leo baada ya mazishi.

Yote, ila moja. Mama alilisema katika safari yao ya mwisho ya basi, na lilimhusu Domina peke yake. Hilo halitoki.

Lala, mama. Bwana akupe raha uliyowapa wengine.