Redio ya Balozi Haiguswi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu ulioegemezwa ukutani chini ya dirisha la kibanda cha Sinema, mguu mmoja umeongezewa tofali. Wanaolikalia ni watatu tu, lakini limejaa pomoni. Balozi hajawahi kuwa balozi wa popote. Aliwahi tu kufanya kazi ofisi yenye zulia, na zulia lile halijamtoka kichwani. Yeye ana nafasi yake, na gazeti lake lina nafasi yake. Kocha, ambaye hata kuku hajawahi kuwafundisha kuingia bandani, amenyoosha mguu juu ya ubao kwa sababu uliumia uwanjani, uwanja gani hasemi. Profesa ni kinyozi aliyeacha mkasi akabaki na mdomo. Ubavuni mwake limelala koti lake, na ole wako ulisogeze. Mama Birika anawauzia kahawa na kuwadharau kwa wakati mmoja. Sinema, mwenye kibanda, mpiga picha za harusi na mhariri wa filamu kwa kompyuta yake moja tu, akitaka kupumzika nje hukalia ndoo iliyogeuzwa. Ukuta ni wake, dirisha ni lake, benchi kalinunua yeye.

Alasiri hiyo alitoka mlangoni uso umemshuka.

— Imekufa tena.

— Inna lillahi! Nani? Balozi akavua kofia.

— Filamu ya bibi harusi. Imebaki kidogo tu ikamilike, kompyuta ikaniandikia: imeuawa.

Balozi akairudisha kofia kichwani, akaonekana kukasirika kwamba hakuna maiti.

— Sasa ndiyo unatutisha hivyo? Si uanze upya.

— Nimeanza upya tangu asubuhi, mzee wangu. Kila ikikaribia mwisho inauawa. Na binti anakuja kuichukua leo hii. Mama yake yuko hospitali, kesho alfajiri anaingizwa chumba cha upasuaji. Harusini hakuwepo. Lile gauni kalishona yeye mwenyewe kabla hajazidiwa, hajaliona likitembea. Na jioni wakishafunga milango ya kuona wagonjwa, basi.

Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma haikuwagharimu kitu, kwa hiyo waliitoa nyingi.

— Na huyo muuaji ni nani? Kocha akauliza. Maana kifo hakikosi sababu.

— Ni kiini cha mfumo, Sinema akasema, akakalia ndoo yake. Chukulia ni msimamizi anayekaa ndani kabisa ya kompyuta. Kila programu ikitaka memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, inamwomba yeye. Memori ikianza kubana, anakusanya. Kwanza anatupa nakala za vitu ambavyo vimo diskini tayari, maana akivihitaji atavisoma tena. Hapo haumii mtu. Ikibana zaidi, anatafuta vile ambavyo havijaguswa muda mrefu, anavihamishia diskini, kama unavyopeleka vyombo stoo. Lakini stoo ni mbali. Ukikitaka chombo chako lazima akakibebe, na apate pa kukiweka lazima abebe kingine akipeleke. Mwisho anashinda njiani, kazi haisogei.

— Kama wewe ukipiga deki kibanda, Mama Birika akasema.

— Akiona hapati tena pa kushika, anachagua programu moja anaiua.

— Anachaguaje?

— Anatazama iliyoshika memori nyingi zaidi. Bora afe mmoja mkubwa, wapone wengi.

— Ebo! Balozi akaruka. Mkubwa ndiye auawe? Huyo msimamizi kalelewa wapi?

— Wahenga walishasema, Profesa akaingilia kwa sauti ya msikitini. Mkubwa ni jalala. Ndiyo maana filamu ikatupwa.

 Sinema alikuwa na jambo la kuomba tangu asubuhi, na lilikuwa dogo sana. Mle kwenye kompyuta kulikuwa na vitu vitatu visivyohusiana kabisa na filamu. Kulikuwa na redio ya habari ya Balozi, inayonguruma kupitia spika ya dirishani kutwa nzima. Kulikuwa na kurasa za mpira za Kocha, moja imefunguliwa juu ya nyingine, mechi za jana, za juzi na nyingine ambazo wachezaji wake sasa ni wajukuu wa watu. Na kulikuwa na drafti ya Profesa, anayocheza na kompyuta, iliyosimama wiki nzima ikingoja yeye asogeze kete.

Zamani msimamizi angevipeleka stoo vyote hivyo, au kuviua, bila kuuliza. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita aliiua drafti wakati Profesa anakaribia kushinda, au hivyo anavyodai. Ikawa kesi. Profesa akasema vijana wa siku hizi hawana heshima. Kocha akaacha kuitikia salamu. Balozi akamwita Sinema pembeni akamwambia, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Sinema akaingia ndani akaubusu. Alimwandikia msimamizi kwamba redio isiguswe, mpira usiguswe, drafti isiguswe. Kitu pekee ambacho hakukiandikia kinga ni kazi yake mwenyewe. Ndivyo alivyo Sinema. Ukimkanyaga, anakuomba radhi.

— Wazee wangu, akasema, nilikuwa naomba, kama hamtajali, nifunge vile vitu vyenu. Kwa muda tu. Filamu ipite.

 Mama Birika akaacha kufuta vikombe ili asikie vizuri.

— Vyetu vipi? Balozi akauliza polepole. Unasema vyetu, sema cha nani. Kwa mfano kurasa za Kocha ni nyingi mno, hata mimi huwa nasikitika.

— Acha wewe! Kocha akadakia. Ukurasa haupigi kelele. Redio ndiyo inayobwata kutwa. Kelele ndizo zinazokula memori, hilo kila mtu analijua.

— Redio naisikiliza! Dunia inaungua, mnataka nisijue? Drafti je? Imesimama wiki nzima.

— Imesimama kwa sababu nafikiri, Profesa akasema. Haraka haraka haina baraka, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nimo katikati.

— Wazee, nikifunga hata mbili...

— Tatizo si sisi, Kocha akamkata. Kikulacho ki nguoni mwako! Gauni la huyo binti linatembea na shanga elfu. Kila shanga ni kazi kwa kompyuta. Mwambie mama yake alishone jingine jepesi.

— Mama yake yuko kitandani, Kocha.

— Basi ndiyo nafasi, hana kazi nyingine.

Mama Birika akasonya msonyo mrefu ambao ungesikika sokoni.

— Si gauni, Balozi akasema. Nilipokuwa ofisini tuliwahi kuarifiwa. Kuna nchi za mbali ambako watu wakiamka wanaazima memori za watu wengine, kupitia waya, kimyakimya. Sasa hivi kwao ndiyo asubuhi. Ngoja walale.

— Watalala saa ngapi? Sinema akauliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

— Inategemea wameamkaje.

— Mnazunguka mbuyu, Profesa akasema. Sinema, ile filamu ya mazishi ya mzee wa kona ilikufa? Haikufa. Ilipita laini kama siagi. Tena ndefu kuliko hii. Mimi nasema mashine hii haipendi ndoa. Imewahi kuona nyingi mno, inajua zinavyoishia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo wa ndoa ni wa pamba mbichi. Iambie ni mazishi. Weka muziki wa huzuni mwanzoni uone kama haitapita.

— Lo, hapo Profesa kasema kweli! Kocha akapiga goti lake lile bovu bila kuumia.

Sinema akawatazama. Filamu ya mazishi ilipita kwa sababu wakati ule hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kinga. Neno lilimfika ulimini. Akalirudisha, kwa sababu Balozi alishakula chumvi nyingi na mtu hamjibu mzee hadharani. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Alijikasirikia mwenyewe kwanza, wao baadaye.

Ndipo bibi harusi akatokea kwenye kona, anatembea haraka, viatu mkononi kwa jinsi miguu ilivyomvimba. Hina haijamtoka vidoleni. Ametoka hospitali, anarudi hospitali.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, marahaba! Hongera sana! Pole na mama!

— Imekuwa tayari, kaka? Mama kakataa kula. Anasema atakula akishaliona gauni lake.

— Bado kidogo, dada yangu. Kaa kwanza.

Binti akalitazama benchi. Akaliona gazeti, akauona mguu, akaliona koti. Wazee nao wakalitazama benchi, kana kwamba limeletwa sasa hivi na watu wasiowajua. Balozi akalisogeza gazeti, likawa limekaa vizuri zaidi. Hakunyanyuka mtu.

Sinema akanyanyuka. Akampa ndoo yake.

Binti akaketi, akavuta pumzi, akaiinamia miguu yake. Juu ya kichwa chake spika ilikuwa ikinguruma. Alipotaka kusema neno na Sinema, sauti yake ikamezwa. Akamgeukia Balozi, kwa adabu zote.

— Samahani mzee, hii redio kuna anayeisikiliza?

— Mimi, binti yangu. Kila neno.

— Imesema nini sasa hivi?

Balozi akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Kocha, Kocha akautazama mguu wake. Akamtazama Profesa, na Profesa, ambaye ana neno la wahenga hata kwa kikombe kilichovunjika, akakosa hata moja. Binti hakuwa amekusudia kumwaibisha mtu. Alifikiri labda ni habari muhimu, asiwakatize.

Sinema aliingia ndani. Kwanza ikanyamaza redio, na mtaa ukasikika wote, mpaka birika lilivyokuwa likichemka. Kisha kule ndani akafunga kurasa za mpira mpaka ya mwisho. Drafti ikamwuliza kama ana hakika, maana mchezo haujaisha. Akajibu kuwa ana hakika. Akaziondoa kinga zote tatu. Akaiwasha filamu, akasimama mbele ya kompyuta mikono kichwani.

 Nje, Balozi akakigonga kikombe chake.

— Mama Birika, ongeza.

— Kahawa imekwisha, Mama Birika akasema, huku anammiminia binti kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

Ndani, mstari unaoonyesha filamu imefikia wapi ulipogusa pale ulipozoea kufia, ukapunguza mwendo, Sinema akafumba macho. Alipofumbua ulishapita. Aliucheza mwisho wa filamu kidogo tu kuhakikisha: mlango unafunguka, gauni linaingia, linatembea.

Akatoka mbio, flashi mkononi. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akamwitikia kwa kichwa, akaondoka anakimbia peku, viatu akavisahau kando ya ndoo. Mama Birika akaviokota akavifuta vumbi kwa kanga yake. Jua lilikuwa bado halijagusa mapaa.

Benchini, Balozi akakohoa kikohozi cha ofisi yenye zulia.

— Kumbe inawezekana! Sasa kijana, umemtesa binti wa watu tangu asubuhi kwa nini? Hukujua la kufanya?

— Nilijua, mzee, Sinema akasema.

— Ukajua, ukanyamaza?

Sinema akaichukua ndoo yake, akaiweka sawa, akaikalia.

— Nilikuwa nakuheshimu.