Maneno ya Ardis Fenstad Siku ya Kuvuliwa Magurudumu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kambi ya Mibalungi, Bwana Burdette Haas, Bi. Araceli Cantú, meneja wetu, ambaye bomba lake nililing'oa na bado ananisalimia. Mchungaji, uliyekubali kufupisha sala ili keki isiyeyuke kwa joto hili la Texas. Ndugu wageni waalikwa kutoka kambi za jirani, mnaosema mmekuja kwa ajili yangu ilhali macho yenu yako kwenye meza ya chakula. Mwanangu Kurt, uliyepanda ndege kutoka Minnesota kuja kuhakikisha. Na ninyi majirani zangu, wazee wenzangu wenye magoti ya chuma na meno tuliyokwenda kutengenezewa pamoja ng'ambo ya mto, kule Mexico: habari za mchana.

Kaeni, kaeni. Mimi nitasimama. Tangu asubuhi kila nikikaa miguu inacheza yenyewe chini ya meza, mpaka Kurt akaniuliza, "Mama, unataka kwenda chooni?" Sitaki kwenda chooni. Nataka kusema, na maneno haya nimeyatafuna wiki nzima, kwa hiyo nivumilieni nikitembeatembea. Waya wa kipaza sauti ni mrefu.

Sote tunajua kilichotukusanya. Hapa kwetu mtu akishachoka na barabara, asitake tena kwenda kaskazini kiangazi na kurudi huku majira ya baridi, tunalivua gari-nyumba lake, hili analoliendesha na kulala humo humo, magurudumu. Wanaume wanaleta jeki na spana, gari linakalishwa juu ya matofali, mbao zinazungushwa chini likae kama nyumba nyingine yoyote, na gurudumu moja linatundikwa ukutani pale ukumbini likiwa na jina la mwenyewe. Mwenyewe anatoa hotuba ya shukrani, na hotuba ikiisha ndipo nati ya kwanza inafunguliwa. Kabla ya hotuba hakuna anayegusa nati. Desturi ni desturi, Eldon, kwa hiyo naomba uiweke chini hiyo spana. Umeishika kama mtu aliyewahi kwenye foleni ya nyama choma.

Nianze na shukrani, kwa sababu ninazo, na si za mdomoni. Mume wangu Milo, mnajua, alianguka kwenye kituo cha mafuta kule Kansas tukiwa njiani kuja huku, mkono bado umeshika pampu. Nilipofika hapa baada ya mazishi, gari likiendeshwa na Kurt, mlinipokea vipi? Mliniletea viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, kila nyumba bakuli lake, mpaka friji ikakataa kufunga mlango. Ninyi wanaume wa meza ya karata mlinifundisha kuiba, mkajifanya hamuoni nikiiba. Jumamosi ya kwanza nilijifungia ndani, na LaVonne, jirani yangu, mke wa Eldon, akagonga mlango akasema, "Ardis, vaa viatu. Ukumbini kuna muziki, na mimi siwezi kucheza na Eldon usiku wote, ananikanyaga." Nikavaa viatu. Yupo mtu hapa anayeweza kuniambia ametunzwa kuliko mimi? Hayupo. Nawapenda, na naomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu nitakayoyasema sasa yatawakera.

Maana mapenzi yenu siku hizi yananibana. Mwezi mzima sasa sijafungua chupa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikishuka ngazi, watu watatu wanaruka kunishika. Nikisahau miwani, mnatazamana. Nani kati yenu hajasahau miwani? Mwenyekiti wetu aliitafuta yake kwenye kikao, ikiwa usoni, na kikao kikaahirishwa! Hakuna aliyeruka kumshika mkono.

Na uamuzi wa leo, hivi nani aliuamua? Nilitoka kufua nguo nikakuta mbao zimeshakatwa, zimepangwa kwenye majani, na LaVonne amesimama na makopo ya rangi. Akaniuliza, "Shoga, tupake nyeupe au kijani?" Nikasema nyeupe. Ndivyo nilivyokubali, ndugu wageni waalikwa. Niliulizwa rangi, nikajibu rangi, na jioni ile ile tangazo likabandikwa ukumbini kwamba Ardis anavua magurudumu.

LaVonne, usiiname. Sikulaumu, mama. Ulikuwa unaogopa, na najua ulichokuwa unaogopa, kwa sababu wewe ndiye uliyelowa.

Wageni hawakuwepo, niwaeleze. Mwezi uliopita mimi, Eldon na LaVonne tulipanga kwenda pwani kwa wiki moja, magari mawili yafuatane. Asubuhi ya safari kila mtu alikuwa kwenye gari lake anafungafunga. Nikapanda, nikawasha injini, nikaondoka. Nikaondoka na mpira wa maji, na waya wa umeme, na bomba la choo, na ule mti wa chuma ambao vitu vyote hivyo vimefungiwa. Nikaburuta na vyungu vya maua. Maji yakaruka juu kama kisima cha mafuta, yakaingia dirishani mwa gari lao, yakamshukia LaVonne kwenye usukani na nywele zake alizokuwa ametoka kuzitengeneza, na mimi bado naendelea, nashangaa kwa nini gari ni zito. Bi. Araceli akanikimbilia na taulo kichwani, anapiga bati la gari kwa kiganja, "Simama, Bi. Ardis! Simama, umebeba kambi nzima!"

Tulicheka siku ile. Siku ya pili kicheko kikaisha, minong'ono ikaanza. Ardis ameanza kusahau. Ardis kichwa kimelegea. Mtu mwema akampigia Kurt simu, na simtaji, ingawa ameshika spana. Nikapelekwa kwa daktari. Daktari akanipima macho, akanipima kichwa, akaniuliza siku na mwezi na jina la rais, kisha akaniambia nipunguze chumvi. Majibu nikawasomea. Mkasema, "Ndiyo, lakini..."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hamjawahi kuniuliza ilikuwaje, mmeuliza tu kama naumwa.

Ninyi ni watu wa magari-nyumba, mnajua kuondoka ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye usukani, mmoja yuko chini anazunguka gari: ameshafungua mipira, ameshaangalia ngazi imekunjwa, antena imeshuka, hakuna paka wala mjukuu nyuma ya tairi. Akimaliza, anasimama nyuma anapiga kelele: "Kweupe!" Hapo ndipo dereva anaachia breki. Nyumbani kwetu dereva nilikuwa mimi. Maisha yote ya ndoa yetu, Milo alikuwa chini na mimi juu, na sikuwahi, hata mara moja, kugeuka kuangalia kama amesema kweli. Akisema kweupe, basi kulikuwa kweupe.

Asubuhi ile nilikuwa nimepasha injini tu. Nilikuwa sijashuka, sijafungua hata mpira mmoja, nilikuwa nakaribia kushuka. Dirisha liko wazi. Na nyuma yangu mwanamume mwenye sauti nzito, sauti ya mtu aliyelelewa kwenye mashamba ya mahindi kama Milo, mwenye kikohozi kama cha Milo, akapiga kelele, "Kweupe!"

Alikuwa Eldon. Alikuwa anamwambia LaVonne. Na mguu wangu ukaachia breki.

Sikusahau, jamani. Je, mtu anayesahau angefanya vile? Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri mno, mwili mzima ulikumbuka, na kwa urefu wa yale maegesho nilikuwa na mume. Mliponisimamisha mkaona naangalia mpira uliokatika, mkadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nalia kwa sababu ilikuwa Eldon.

Haya. Tuendelee, nisije nikashindwa kumaliza.

Nisieleweke vibaya. Wapo hapa waliovua magurudumu wakapumua, wakapanda nyanya, wakanenepa, wakapata usingizi ambao barabara haikuwahi kuwapa. Siwacheki na wala siwaonei huruma. Lakini kuna mmoja nataka nimsifu kwa jina. Mheshimiwa Mwenyekiti, gurudumu lako ndilo la kwanza ukiingia ukumbini, na umelipiga rangi likang'aa. Kila Aprili, magari yakianza kuondoka, unasimama langoni na kikombe cha kahawa, unamsimamisha kila dereva, unamuuliza, "Mwaka huu unapitia njia gani? Kuna matengenezo pale darajani? Yule mama wa pai bado yupo?" Unauliza mpaka foleni inafika mtaa wa pili na watu wanapiga honi. Kahawa yako imepoa, na wewe bado unauliza. Nakusifu kwa uvumilivu, Burdette. Mimi sina. Ningesimama pale langoni mara moja tu, na mara ya pili ningeng'oa lango.

Aprili imeingia. Mnaijua hali yangu Aprili. Nikisikia injini ya dizeli inaamka mtaa wa tatu, naacha kijiko mezani. Nafungua makabati, nayafunga. Nakunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Huko kwetu Minnesota barafu inapasuka ziwani wiki hizi, inalia kama ng'ombe, na mimi niko hapa naulizwa rangi ya mbao.

Jana, wakati wa chai, mimi na Kurt tulibishana kwa sauti kiasi kwamba nyumba nne mlisikia, kwa hiyo si siri. Akasema, "Mama, barabara ni ndefu." Nikamwambia, "Ilikuwa ndefu hata ulipokuwa unatapika kiti cha nyuma." Akasema, "Ukiharibikiwa Oklahoma, je?" Nikamwambia, "Oklahoma wana simu." Akasema, "Wewe unafanyia mzaha kila kitu." Halafu akazungusha kikombe, akasema lile lililomtoa Minnesota. Akasema, "Nikipigiwa simu nyingine kama ile ya baba, mimi sitaweza."

Jana sikukujibu, mwanangu. Nilijifanya naosha vyombo. Nakujibu leo, mbele ya watu, usije ukasema mama alikwepa. Naogopa na mimi. Naogopa kituo kile cha mafuta, sitapita njia ile, nitazunguka. Naogopa kuegesha kwa kurudi nyuma mvua ikinyesha, na naogopa kula peke yangu kwenye meza ya kukunja kuliko ninavyoogopa malori. Lakini baba yako hakuuawa na barabara, Kurt. Moyo ulisimama. Ungesimama hata kama angekuwa amelala hapa juu ya matofali, mbao nyeupe pande zote, na majirani wamemshika mikono. Simu ile itakuja siku moja, sina uwezo wa kuizuia, na wewe huna. Unachoweza kunizuilia ni safari tu.

Na leo asubuhi, mkiwa ukumbini mnapuliza maputo, nilifanya jambo. Nilifungua mpira wa maji, nikaukunja. Nikafungua waya wa umeme. Bomba la choo nikaliosha nikaliweka mahali pake. Nikakunja ngazi, nikashusha antena. Nikalizunguka gari polepole, nikiinama kila tairi, na magoti haya mnayajua. Kisha nikasimama nyuma, mahali alipokuwa anasimama Milo, nikapiga kelele kwa sauti yangu mwenyewe, "Kweupe!"

LaVonne akatoa kichwa dirishani na vibanio vyake vya nywele. "Ardis! Unamwita nani?"

"Najiita mwenyewe," nikamwambia.

Akaniangalia. Akaangalia mipira imekunjwa. Shoga yangu huyu si mjinga. Akasema, "Na keki je?" Nikamwambia keki iandaliwe vilevile. Akafunga dirisha, na mpaka sasa hivi hajamwambia mtu yeyote, hata Eldon, na kwa LaVonne kukaa na neno toka asubuhi mpaka saa hii, hiyo peke yake inastahili sherehe.

Ndugu wageni waalikwa, nimewaumiza wengine, naona. Mbao zile zimekatwa vizuri na wanaume ambao migongo yao inauma. Mpeni Bi. Araceli azungushie bustani ya ukumbi, na zipakwe nyeupe, maana rangi nilichagua kweli. Chakula kiliweni. Nimemwomba LaVonne anifungie kipande cha keki na kile chakula cha viazi, na amekubali huku akilia na kunitukana.

Kurt, kiti cha abiria kiko wazi na nimekifuta vumbi. Ukikikalia, wewe ndiye utakayeshuka kuangalia matairi kila tukisimama. Usipokikalia, panda ndege yako, nami nitakupigia kila nikizima injini, hata ukichoka kupokea.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninapitia San Antonio, halafu napanda kaskazini moja kwa moja, nikifika Kansas nakata mashariki. Sikia vizuri, maana langoni sitasimama.

Nawashukuru kwa kunitunza, nawashukuru kwa kunipenda mpaka mkakosea, na asanteni kwa masikio yenu. Hotuba imeisha. Eldon, acha nati. Na wale mlioweka viti mbele ya gari langu, naombeni msogee.